Mchezo wa Moto: Kijana na Kazi ya Kuunga Chuma

"Kazi mbi si mchezo mwema," walinena wahenga wetu wa pwani, na kwa methali hii watoto wa vizazi vingi wameondolewa uwanjani wakapelekwa shambani, dukani au chuoni. Maana yake haina fumbo: kazi, hata ikiwa duni, ni bora kuliko mchezo, hata ukiwa mzuri. Lakini methali, kama lilivyo shairi, haikatazi kuulizwa. Je, ikiwa mchezo wenyewe ndio kazi? Kijana wa miaka 14 au 15 anapotoka skuli, akavua sare, akaenda kuchuchumaa kwenye kibanda cha fundi chuma, akaokota vipande vya nondo na kujifundisha kuviunga, hali hakutumwa na mzazi, halipwi wala hatazamii cheti, tumwite anacheza au anafanya kazi?

Makala haya yanamtetea kijana huyo kwa ushahidi wa historia. Nitadai kwamba elimu ya chuma, kwetu na kwa wengine, mara nyingi imeingia duniani kwa mlango huu wa mchezo. Na kwamba pale mtoto alipoondoka motoni, elimu yenyewe ilizimika pamoja na makaa. Kwa wapenzi wa ushairi jambo hili lina uzito wa namna yake, maana motoni hapo ndipo palipofuliwa sehemu ya msamiati wetu.

Basi tuanze na maneno. Kiswahili chasema kufua chuma, na kitenzi hichohicho ndicho cha kufua nguo, kufua nazi na, tangu zama za mitambo, kufua umeme. Mpiga nyundo, dobi, mwenye kifuo cha nazi na mtambo wa maji, wote wanafua. Tunalo pia neno kusana, yaani kutengeneza kitu kwa kufua chuma, na msana ni mhunzi. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Kulehemu ni kuunga chuma kwa chuma, na neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia lahm, nyama, na iltiham, kufunga kwa jeraha. Mzizi huohuo umezaa malhama, vita vikubwa, na ndilo neno ambalo Waarabu wa leo hulitumia kwa tendi ndefu za mashujaa. Kwa mujibu wa lugha iliyotukopesha neno, basi, anayelehemu chuma na anayetunga utenzi wametoka nyumba moja. Hata sanaa, neno tulilolipandisha hadhi hadi likawa la waimbaji na wachoraji, asili yake ni kazi ya mkono. Na Mwarabu akisema sina'a leo, anakusudia viwanda.

Chuma si mgeni pwani. Mwandishi wa Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ataja bidhaa zilizoingizwa katika bandari ya Rhapta kwenye pwani hii: mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemen, pamoja na mashoka, visu na misharasi. Wakati huo, kwa jinsi anavyosimulia, chuma kilichofuliwa kilikuja kwetu kutoka ng'ambo. Miaka elfu moja baadaye mkondo umegeuka. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika baraza la Mfalme Roger wa Sicily, aeleza kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara ya chuma hicho ndiyo iliyowapa faida kubwa. Yeye mwenyewe hakufika. Aliandika kwa habari za wasafiri. Lakini waliochimba magofu wameyaona masalio ya kazi hiyo kwa macho yao. Mavi ya chuma, yaani takataka inayobaki jiwe la chuma linapoyeyushwa, yamepatikana Unguja Ukuu, Tumbe kisiwani Pemba na Shanga kisiwani Pate. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake, walipochunguza vyuma vya kale vya pwani ya Kenya katika miaka ya 1990, walikuta humo chuma laini cha kawaida, na pia chuma cha pua kilicho kigumu na chenye kushika makali.

Vyombo vya baharini navyo vina ushahidi wao. Mtepe ulishonwa kwa kamba za kumbi, ukaenda masafa bila ya msumari hata mmoja mwilini mwake. Jahazi halikuwa hivyo. Jahazi lilitaka msumari, msumari ukamtaka mhunzi, na mhunzi akamtaka mtoto wa kuvuta mvukuto.

Mtoto huyo hatajwi katika Periplus wala katika kitabu cha al-Idrisi, ilhali bila ya yeye hakuna kilichofuliwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa upepo. Aliketi nyuma ya viriba, akavuta na kubana, akivisikiliza vikipumua. Kazi ya pili, ambayo hakuna aliyemfundisha kwa mdomo, ilikuwa rangi. Chuma kinapopashwa moto huanza na wekundu wa kiza, kikaenda kwenye rangi ya damu, kikafika rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha weupe unaorusha cheche. Kila rangi ina kazi yake. Ya chungwa ni ya kukunja na kunyoosha. Weupe ni wa kuunga. Chuma hakiyeyuki mpaka kifike nyuzi 1,538 za Selsiasi, na mhunzi wa mkaa hakukusudia kukiyeyusha. Alivipasha vipande viwili mpaka vikawa vyeupe, akavinyunyizia mchanga safi ili utando wa kutu ya moto ulainike na kutoka, akaviweka juu ya fuawe kimoja juu ya kingine, akapiga kabla weupe haujakimbia. Akichelewa pumzi moja, vipande vinagusana tu, havishikani. Elimu ya pumzi hiyo moja haiandikiki. Anaipata yule aliyekaa karibu ya moto siku nyingi, na mwenye nafasi ya kukaa siku nyingi karibu ya moto wa mtu mwingine, bila ya kudaiwa kitu, ni mtoto.

Wahunzi hawakupewa hadhi moja kila mahali. Kwa Wamaasai, wafua chuma wao, ilkunono, walitengwa, na watu wengine waliepuka kuoana nao, ingawa mkuki wa kila shujaa ulitoka mikononi mwao. Kwingineko mhunzi aliheshimiwa kwa hofu, maana anayegeuza jiwe kuwa jembe hudhaniwa anaweza kugeuza na mengine. Kwa desturi hizo kazi ilibaki ndani ya ukoo, na aliyeingia humo aliingia kwa kuzaliwa.

Kisha moto ukaanza kuzimika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zikaanza kuja Unguja kwa ratiba kupitia Aden. Katika matumbo ya meli hizo na za wenzao mlikuja nguo, bunduki na chuma: fito, waya, misumari, majembe yaliyokwisha kutengenezwa. Kwa nini mtu akate miti, achome mkaa, achimbe mawe, ajenge tanuri na kuvuta mvukuto kutwa, apate bonge la chuma ambalo bado lataka kufuliwa, ikiwa fito iliyonyooka inauzwa sokoni? Mfua chuma aliendelea, ila sasa alifua chuma cha ng'ambo. Myeyushaji wa mawe hakuwa na la kufanya. Katika muda mfupi wa historia, tanuri za bara zilizodumu karne nyingi zikapoa moja baada ya nyingine. Huko Ufipa, baadhi ya malungu, yale matanuri marefu kumpita mtu, yalibaki yamesimama nyikani kama minara ya msikiti usio na muadhini.

Kilichofuata Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, ni kisa kinachostahili kukumbukwa na kila mwenye kupenda elimu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt wa Marekani aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma. Walikuwa wazee kwelikweli. Kazi hiyo waliiona na kuishika walipokuwa vijana, kisha ikakaa miongo mingi bila ya kufanywa. Walichimba shimo, wakalitandika kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi, wakaingiza mifereji ya udongo ya kupitishia upepo hadi ndani ya tanuri. Hawakufanikiwa mara moja. Ilibidi wakumbuke kwa mikono, wajaribu, wakosee, wabishane, wajaribu tena. Mwishowe chuma kikatoka. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science, mwaka 1978, kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwako katika eneo hilo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba joto la ndani ya tanuri lilizidi nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamejadiliana nao kuhusu sababu ya joto hilo. Kwamba wazee walikiyeyusha chuma, hakuna mjadala.

Zingatia walikuwa akina nani. Elimu ya karne nyingi ilihifadhiwa katika vifua vya wazee wachache waliobahatika kuwa vijana wakati moto wa mwisho ulipokuwa ukiwaka. Mawe ya chuma yalikuwa bado yapo ardhini, miti ipo, udongo wa vichuguu upo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtoto wa kukaa karibu. Sanaa haifi madini yanapokwisha; hufa siku mtoto anapopata pahali pengine pa kukaa.

Na kile chuma cha bei nafuu kilichozipoza tanuri zetu, kilitoka wapi? Kilitoka katika viwanda vya Ulaya vya karne ya 19, vyenye nyundo za mvuke zilizopiga kwa uzito ambao mkono wa mwanadamu haukuujua. Hapa historia yatupa kinaya. Nenda nyuma ya nyundo hiyo umtafute aliyeibuni, utamkuta mtoto anacheza.

James Nasmyth alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1808. Baba yake, Alexander, alikuwa mchoraji wa mandhari, na mchoraji huyo alikuwa na karakana yake nyumbani kwa ajili ya kujifurahisha. James alicheza humo. Alichonga pia za kuchezea kwa mashine ya kerezo, akawapa na kubadilishana na wenzake wa skuli. Alikuwa na rafiki ambaye baba yake alimiliki kiwanda cha kusubu chuma, na siku za Jumamosi, wenzao walipokuwa wakikimbizana, yeye alikwenda huko kutazama mafundi na kushika kile alichoruhusiwa kushika. Baadaye aliandika kwamba hapo ndipo palipokuwa chuo chake. Alipokua kidogo alikigeuza chumba chake cha kulala kuwa kiwanda cha kusubu shaba. Chumba cha baba yake kilikuwa chini yake, kwa hiyo alijifunza kushindilia mchanga wa kalibu taratibu, asije akamwamsha mzee. Alipokuwa na miaka 17 aliunda injini ndogo ya mvuke ya kumsagia baba yake rangi za mafuta. Kisha akaunda nyingine za mfano, akaziuza kwa pauni 10 kila moja, na kwa fedha hizo akalipia mihadhara ya chuo kikuu.

Mwaka 1829 alikwenda London kwa Henry Maudslay, bingwa wa mashine wa zama zake. Hakubeba barua ya cheti. Alibeba injini aliyoiunda kwa mkono wake, na Maudslay akampokea. Labda alijitambua ndani ya kijana yule. Maudslay mwenyewe alianza kazi akiwa na miaka 12 katika ghala la silaha la Woolwich, akijaza baruti. Wakampeleka kwa maseremala, lakini alikuwa akitoroka kwenda kutazama wahunzi, mpaka alipokuwa na miaka 15 wakaona heri wamhamishie motoni. Mwaka 1839, alipoulizwa na waliokuwa wakiunda meli ya Great Britain namna ya kufua mhimili mnene wa magurudumu yake, ambao nyundo za wakati huo hazikuuweza, Nasmyth alichora nyundo ya mvuke. Mchoro wenyewe, kwa maneno yake, haukumchukua hata saa moja. Iliweza kuponda bonge la chuma jekundu, na iliweza pia, mbele ya wageni waliokuja kustaajabu, kupasua ganda la yai lililowekwa ndani ya bilauri bila ya kuivunja bilauri.

Simsifu Nasmyth kwa kuwa kazi yake ilitunufaisha. Nimekwisha kusema ilizifanyia nini tanuri za bara. Namtaja kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mataifa ya viwanda yalijengwa na skuli na mitaji peke yake. Ndani yake walikuwamo pia watoto walioachiwa kucheza na moto, na wazee waliojifanya wamelala.

Kuunga chuma kwa umeme ni mtoto wa karne hiyohiyo. Mwaka 1885 Nikolai Benardos wa Urusi, pamoja na mwenzake Stanisław Olszewski, walisajili njia ya kuunga kwa cheche ya umeme inayoruka kutoka kwenye kijiti cha kaboni. Yeye akaipa njia hiyo jina la Hefesto, mungu mhunzi wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1888 Nikolai Slavyanov akakibadilisha kijiti hicho kwa kijiti cha chuma, kikawa kinayeyuka chenyewe na kuziba ufa. Lakini chuma kilichoyeyuka kilipogusana na hewa kiliharibika, kikawa na vitundu na kukatika. Aliyetibu maradhi hayo alikuwa mtu wa meli: Oscar Kjellberg wa Uswidi, aliyeshughulika na matengenezo ya meli na matangi yake ya mvuke. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikivika kijiti tabaka la madini ambalo, likiungua, hutoa moshi wa kuifukuza hewa na kuacha ganda la kulifunika unganisho hadi lipoe. Ganda hilo ndilo fundi wa mtaani kwako analolibandua kwa kugonga nyundo, ukaona chini yake chuma kimekaa kama magamba ya samaki. Joto la cheche yenyewe hufika maelfu ya nyuzi. Kile ambacho mhunzi alikitafuta kwa mkaa, upepo na pumzi moja ya kuwahi, sasa kilipatikana kwa kugusisha kijiti.

Hapo ukoo ukapoteza funguo zake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Marekani viliunda meli 2,710 za mizigo za aina ya Liberty, na waliounga mabamba yake wengi hawakuwa wamewahi kushika chuma: wanawake waliotoka majumbani na vijana waliotoka mashambani, waliofunzwa kwa majuma tu. Kazi iliyokuwa siri ya vizazi ikawa wazi kwa kila mwenye macho na subira.

Lakini wepesi nao una deni lake. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady, mpya kabisa, ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, na maji yametulia, ilipasuka katikati kwa kishindo. Meli nyingine kadhaa zilipata nyufa. Wachunguzi walijifunza kwamba chuma chenyewe kilikuwa dhaifu katika baridi, na kwamba ufa ukianza, chombo kilichoungwa chote kuwa kipande kimoja hakina pa kuuzuia. Ni somo ambalo mtunzi wa mashairi hahitaji kufafanuliwa. Vina vyaweza kulingana, mizani ikatimia, na shairi likapasuka katikati kwa kuwa kilichounganishwa hakikuwa na nguvu tangu mwanzo.

Kwetu ufundi huu mpya ulishuka bandarini. Mwaka 1896 reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda bara, na maelfu ya Wahindi walioletwa kuijenga walikuja na wahunzi na mafundi mitambo miongoni mwao. Hata neno karakana tumelipata kwa njia ya Kihindi na Kiajemi. Waafrika waliingia karakana hizo kama wabeba mizigo na wasaidizi, wakatazama. Kenneth King, katika The African Artisan, kitabu chake cha mwaka 1977, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyotoka katika warsha za Wahindi ukaingia mikononi mwa mafundi Waafrika wa Kenya, wengi wao wakianza kwa kuona na kuiga. Walipojitegemea, hawakuwa na paa. Wakafanya kazi juani, nao wakaitwa jua kali. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na vibanda vikajengwa. Dar es Salaam ina Gerezani yake. Na kila mji wa visiwani una pembe yake ambapo pipa kuukuu hugeuka jiko, na nondo ikageuka grili ya dirisha.

Katika pembe moja ya namna hiyo, mtaani kwangu, huja kijana wa kidato cha pili. Hakuna aliyemwajiri. Alianza kwa magari ya waya, kama tulivyoanza sote, akayachoka kwa kuwa waya uliofungwa hulegea. Akataka kujua namna ya kufanya kitu kisilegee. Miezi ya kwanza alipewa tupa na jiliwa tu, asugue kutu, kisha msumeno, kisha, siku moja, kijiti. Nimemsikia akimwuliza fundi, "Ami, hii imeshika?" Fundi hakuitazama. "Imekamata juu, chini bado. Ipige nyundo uone." Kijana akaipiga, ikabanduka. Hakukasirika, wala fundi hakumcheka. Akaisugua upya, akaanza tena. Mimi niliyejifunza lugha za watu kwa kamusi iliyochanika, pasi na mwalimu, naijua furaha ya kosa ambalo halina mtihani nyuma yake. Mtu anaweza kulirudia mara 20 mpaka likachoka lenyewe.

Mama yake kijana analalamika, na ana haki. Mwanga wa cheche una miale isiyoonekana inayounguza jicho. Usiku wake mtu huhisi kama ametiwa mchanga machoni, na akizoea kuidharau, macho hulipa. Moshi wa bati lililopakwa zinki humletea mtu homa na kutetemeka saa chache baada ya kazi. Pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata likionekana kavu, laweza kulipuka likiguswa na cheche. Mikono yenye jasho na sakafu yenye maji havipatani na umeme. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuunga chuma katika orodha ya mambo yenye kuthibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Haya si ya kufichwa. Lakini dawa yake haimo katika kumfungia kijana mlango. Imo katika kinyago chenye kioo cheusi cha namba 10 au 11, glavu za ngozi, viatu vilivyofunikwa, pahali penye kupita upepo, na mtu mzima aliyesimama kando. Miwani ya jua anayovaa fundi mvivu si kinga. Ni kiini macho. Gharama ya vifaa hivi vyote haizidi ya mambo mengi tunayowanunulia watoto wetu bila ya kufikiri mara mbili.

Tena visiwani pana mwalimu wa ziada, naye ni bahari. Hewa ya chumvi haina huruma na unganisho la uongo. Tundu dogo lisiloonekana huhifadhi unyevu, na kabla ya miaka mingi geti linaanza kutoa machozi ya kutu pale palepale fundi alipoharakisha. Kijana anayejifunza hapa hujifunza ukweli mapema kuliko mwenzake wa bara.

Yupo atakayeuliza: itamsaidia nini? Pengine atakuwa fundi, pengine mhandisi, pengine karani ambaye dirisha lake halilegei. Swali hilo silo langu. Langu ni hili. Kamusi zetu bado zina fuawe, mvukuto, koleo, tindo, keekee, kalibu, kusana na kusubu. Zimelala humo zikiwa safi, kama vyombo vya kabati la wageni. Mshairi kijana akizitumia leo bila ya kuwahi kusikia sauti zake, anazitumia kama mapambo, na msomaji huhisi ubaridi wake. Neno halibaki hai kwa kuchapwa. Hubaki hai kwa kuwa yupo mtu, mahali fulani, anayemwambia mwenzake: nipe hiyo koleo, upesi, kabla haijapoa.

Wazee wa Buhaya walibahatika kuulizwa kabla hawajaondoka. Wetu, wale wa mwisho waliofua misumari ya majahazi, wengi wamekwenda na elimu yao. Waliosalia wanaketi barazani, na jirani yao yuko kijana mwenye kinyago cha kuazima anayetafuta wa kumwuliza. Wakutanishwe. Wazee wampe majina ya kila chombo anachokishika, naye awaonyeshe cheche yake ya umeme, ambayo wao hawakuijua. Na mzazi anayesikia nyundo uani wakati wa alasiri, akataka kuita kwa hasira, na afanye alivyofanya mchoraji wa Edinburgh: ajigeuze upande wa pili, ajifanye amelala; ila kwanza ahakikishe kinyago kimevaliwa.